Akitoka Kituoni, Alale Wapi?

Mwaka juzi, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, kijana mmoja aliyesoma kwetu madrasani alirejea mtaani baada ya kukaa miezi mitatu katika kituo cha matibabu ya uraibu. Alishuka kwenye matatu wakati wa alasiri na mkoba mmoja begani, kanzu yake imepigwa pasi, mashavu yamemjaa. Mamake alimpikia pilau. Majirani walimiminika kumtazama kama atazamwavyo mtu aliyetoka Hija. Sisi nasi tulikwenda, tukaomba dua, tukala, tukampa maneno mazuri, kisha tukavaa viatu vyetu tukaondoka.

Chumba alichopewa kulala kilikuwa kile kile cha uani alimokuwa akivutia unga. Dirisha lake linatazama ujia uendao maskani. Siku ya tisa alitujia baada ya sala ya isha, wanafunzi wamekwisha kuondoka, akaketi jamvini karibu na mlango. Alitueleza kwamba kila usiku, watu wakishalala, husikia mbinja. Ni wenzake wa zamani wanaomwita kama walivyozoea kumwita, wala hawamtakii shari, wamemkosa tu. Akasema: “Maalim, naomba nilale hapa madrasani, hata sakafuni. Kule nyumbani sitaweza.”

Tulimjibu kwamba hakuna nyumba bora kuliko ya mzazi, kwamba mamake amemlilia miaka mingi na si uungwana kumwacha sasa, na kwamba asubiri na ashike sala. Tulimwona ametii. Alitubusu mkono, akenda zake. Baada ya siku tano tulimswalia. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Tumekaa na habari hii muda mrefu bila kuiandika. Tunaiandika leo kwa idhini ya mamake, na kwa kuwa suala alilotuletea yule kijana usiku ule linatufikia tena na tena kutoka kwa wazazi wa gazeti hili: mtoto ametibiwa, ametoka, je, alale wapi?

Kwanza tueleze lililomuua, maana mtaani palisemwa mengi, na mengine yalikuwa ya kumwonea marehemu. Ilisemwa kwamba alikuwa na pupa. Haikuwa pupa. Mwili wa mtumiaji wa unga huzoea kiasi fulani, na kadiri siku zinavyokwenda hukihimili kiasi ambacho kingemuua mtu mwingine. Akiacha kwa majuma kadhaa, mazoea yale hupungua. Basi akirudi na kutumia kile kiasi chake cha zamani, ambacho kichwani mwake ndicho cha kawaida, pumzi hulegea, kisha husita. Ndiyo maana siku na majuma ya kwanza baada ya kutoka kituoni, au jela, ni siku za hatari kubwa kupita hata zile alizokuwa akitumia kila asubuhi. Sisi tulikuwa hatulijui hili. Tulidhani aliyetoka kituoni amevuka, kumbe ndio kwanza anaingia mkondoni.

Jambo la pili ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba arosto, ile hali ya kutetemeka, kutapika, kuharisha na kuumwa na mifupa, ndiyo sehemu fupi ya safari. Huanza kabla ya siku moja kutimia tangu kutumia kwa mara ya mwisho, hupanda kwa siku mbili tatu, na kwa walio wengi hutulia baada ya juma moja hivi. Familia ikiona kijana anakula na kulala, husema amepona. Lakini usingizi wa kweli huchelewa, furaha huchelewa zaidi, na hamu huja bila kubisha hodi hata baada ya miezi mingi. Huletwa na harufu, na wimbo, na noti mkononi, na sura ya mtu, na kona ya nyumba. Twawezaje basi kumtoa mtu mahali alipougulia, tukampeleka kwa matabibu, kisha tukamrejesha pale pale, katika kitanda kile kile, na tukamtaka awe mtu mwingine?

Wasomaji wetu wanakijua kisa cha yule mtu wa umma zilizopita aliyeua watu tisini na tisa, kisha akamaliza mia kwa kumuua aliyemkatisha tamaa. Tumekisimulia mara nyingi juu ya mimbari, na kila mara tumekisimulia kama kisa cha upana wa rehema. Ni kweli, ni cha rehema. Lakini yule mwanachuoni wa pili alipoulizwa hakutosheka na kusema kwamba mlango wa toba uko wazi. Alimwambia ahame. Alimtaka aiache nchi aliyokuwa akiishi, akaishi na watu wema katika nchi nyingine, na mtu yule akafia njiani akielekea huko. Miaka zaidi ya ishirini tumefundisha kisa hiki, na usiku ule kijana alipotuomba pa kuhamia, hatukukumbuka.

Unga si mgeni wa jana pwani yetu. Uliingia tangu miaka ya 1980, ukapata wenyeji Mombasa, Malindi, Lamu na miji midogo iliyo kati yake. Mwanzo ulivutwa, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 sindano nayo ikashika, na pamoja na sindano yakaja maradhi ya damu na ya ini. Walioanza kuhangaika nao hawakuwa serikali wala sisi wa misikitini. Malindi, katikati ya miaka ya 1990, ulianzishwa Mradi wa Omari, ambao baadaye ulifungua makazi ya wagonjwa Msabaha, nje ya mji. Tunaokumbuka siku zile tunakumbuka pia jinsi walivyosemwa: kwamba wanawadekeza mateja. Waliwafuata vijana maskanini, wakawasafisha vidonda, wakawasikiliza, wakati sisi tulikuwa tukiwafukuza ukutani mwa msikiti wasitutie aibu mbele ya wageni.

Tangu 2015 Malindi na Kisauni kuna kliniki za serikali zinazotoa methadoni. Mgonjwa hufika kila siku, hupimiwa kiasi chake, hukinywa mbele ya mhudumu, akaenda kazini. Wako baba wa watoto katika mtaa wetu ambao leo wanalipa karo kwa sababu ya kile kikombe cha asubuhi. Tunaulizwa mara kwa mara kama hiyo siyo kubadilisha ulevi kwa ulevi. Jibu letu ni kwamba dawa aliyopewa mtu na daktari kwa kipimo, ikamzuia asife na asiibe, na akili yake ikabaki naye akaweza kusimama katika sala akijua anasema nini, hailingani na kilichouzwa uchochoroni. Anayetaka mjadala mrefu wa kifiqhi aje darasani siku ya Jumatano. Hapa tutosheke kusema kwamba hata wa methadoni ana haja ya pa kulala, maana kikombe humtosheleza mwili tu. Saa ishirini na tatu zilizobaki yuko na nani?

Mwaka jana tulipata nafasi ya kuvuka kwenda Unguja kwa harusi ya jamaa, na tukaitumia safari hiyo kuzizuru nyumba ambazo wenzetu wa huko huziita soba. Rasmi huitwa nyumba za upataji nafuu. Ya kwanza ilianza 2009, nayo ilianzishwa na watu waliokuwa wenyewe watumiaji, wakapanga nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida na kuanza kuishi humo pamoja. Katika miaka michache nyumba za namna hiyo zilizidi kumi visiwani. Tulikuwa tumetarajia kuona kitu kama hospitali, au kama jela yenye heshima. Tulikuta uani watu wanne wanamenya muhogo, mmoja anafua, na mwingine, mtu mzima mwenye mvi, anafundishwa kukuna nazi na kijana wa miaka ishirini anayemcheka waziwazi kwa jinsi alivyoishika mbuzi.

Siku yao huanza kabla ya alfajiri. Kila mtu ana kazi iliyoandikwa kwenye karatasi ukutani: wa jikoni, wa vyoo, wa uani, wa kuamsha wenzake. Baada ya chai huketi duara, na kila mmoja husema ameamkaje, si kwa salamu ile ya “nzuri tu” tuliyoizoea, bali kweli: ameota nini, ana hasira na nani, ana hamu au hana. Tuliruhusiwa kuketi nao kwa sharti kwamba yanayosemwa hayatoki pale, nasi tutalitimiza sharti hilo. Tunaweza kusema hili tu, kwamba katika umri wetu hatujapata kusikia wanaume wa Kiswahili wakisemezana hivyo. Tulitoka pale tukijiuliza ni lini mara ya mwisho sisi kumjibu kwa ukweli mtu aliyetuuliza hali.

Mlezi wa nyumba naye alikuwa mtumiaji. Yeye ndiye aliyetufafanulia siri ya mahali pale, ingawa hakuiita siri. Alisema mgeni akija siku ya kwanza anaongopa, na daktari humwamini, mama humwamini, shekhe humwamini. “Sisi hatumwamini,” alisema, “kwa sababu urongo huo tumeuongopa sisi wenyewe.” Kisha huyo huyo asiyeaminiwa ndiye anayelaliwa pembeni usiku mzima akitetemeka, akifutwa jasho, na kesho yake kupewa funguo ya stoo ya chakula ili aone kwamba ipo siku ataaminiwa.

Mkazi hukaa miezi kadhaa. Familia huchangia gharama kila mwezi zikiweza, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa kuwa zilizo nyingi huweza mwezi wa kwanza na wa pili, kisha hushindwa. Nyumba ina kodi, ina mchele, ina maji. Kuna wageni na mashirika waliosaidia nyakati fulani, na misaada ya namna hiyo ina tabia ya kuondoka. Wanawake ndio walio na taabu zaidi. Binti anayetumia hufichwa na watu wake mpaka mambo yaharibike kabisa, na nyumba za kumpokea ni chache mno, huku kwetu na huko kwao. Tuliuliza habari zao mara mbili, na mara zote mbili tulijibiwa kwa kuinamiwa kichwa.

Tusije tukadhani kwamba jambo hili ni la watu wa visiwani tu au la Waislamu tu. Huko Marekani, mwaka 1975, katika mji wa Silver Spring, Maryland, wanaume waliokuwa wakiishi katika makazi ya walioacha pombe waliambiwa makazi yanafungwa kwa kukosa fedha. Badala ya kutawanyika waliikodi nyumba ile wenyewe. Mmoja wao, J. Paul Molloy, alikuwa mwanasheria aliyepoteza mengi kwa ulevi. Waliiita nyumba yao Oxford House, na leo nyumba za jina hilo ni maelfu. Hazina mlezi, hazina daktari, hazina mlinzi. Wakazi huchagua viongozi wao kwa kura na hubadilishana vyeo. Kila mtu hulipa sehemu yake ya kodi. Mgeni hapokelewi mpaka asilimia 80 ya waliomo wamkubali. Na anayerudia kutumia hutolewa mara moja, bila kujali ni nani. Asiyerudia hukaa muda autakao. Mwaka 1988 bunge lao lilitunga sheria ya kuwezesha majimbo kuwakopesha watu hawa hadi dola 4,000 za kuanzia nyumba, wazilipe polepole.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, wakiongozwa na Leonard Jason, walitaka kujua kama mpango huo una faida au ni maneno tu. Waliwachukua watu 150 waliomaliza matibabu, nusu yao wakapelekwa katika nyumba hizo na nusu wakaachwa wafuate njia ya kawaida. Baada ya miaka miwili, katika wale wa nyumba waliorudia ulevi walikuwa asilimia 31. Katika wale wengine, asilimia 65. Msomaji azingatie kwamba wote walikwisha kutibiwa. Tofauti yao ilikuwa mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao.

Na huko nako majirani walipinga. Mji mmoja wa jimbo la Washington, Edmonds, ulipeleka shauri mahakamani kwa hoja kwamba nyumba ile ina watu wengi kuliko familia, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1995 ilikataa hoja ya mji. Tulipoisoma habari hiyo tulitabasamu kidogo. Tulidhani chuki ya jirani kwa teja ni bidhaa ya Mombasa.

Sasa tuje nyumbani, na hapa tunaomba tuvumiliwe, maana tutasema jambo ambalo baadhi ya wazee wenzetu walipenda libaki ndani.

Katika mtaa wetu kuna nyumba ya wakfu. Mwenye kuiweka, mama mmoja aliyefariki zamani, aliikusudia kwa wapita njia na wasio na pa kulala. Ina vyumba vinne, uwanja wa ndani, kisima ambacho maji yake yana chumvi kidogo, na baraza mbili za mbele. Imefungwa miaka sita sasa. Paa linavuja upande mmoja, na popo wamehamia. Baada ya kurudi Unguja tulipeleka ombi kwa kamati kwamba nyumba hiyo ipewe vijana wanane waliotoka matibabuni, wakae chini ya mlezi aliye na miaka yake tisa ya kuacha, wajipikie, wachangie kwa kadiri ya vibarua vyao, na sehemu ya zaka ya mtaa ifunike upungufu wa mwaka wa kwanza.

Mkutano ulijaa kuliko wa kugawa nyama ya udhia. Hoja zilizotolewa si za kudharauliwa, nasi hatutazidharau. Mzee mmoja alieleza kwamba aliibiwa mara tatu, na mara ya tatu walichukua hata sufuria ikiwa na wali motoni. Mama mwenye mabinti wawili aliuliza ni nani atakayemhakikishia. Mwengine alisema nyumba ya wakfu ni amana, na si halali kuifanyia majaribio. Kijana wa duka la simu alisema neno ambalo ndilo lililotushika zaidi: wanaouza wataifuata nyumba, kama nzi wafuatavyo kidonda.

Kwa la mwisho tulimjibu kwamba wauzaji wako tayari, hatua mia kutoka pale tulipoketi, na hakuna katika sisi asiyewajua kwa majina. Hapo pakawa kimya kirefu kidogo. Kwa la wizi tulisema kwamba anayeiba ni yule anayetumia, na hawa wanane, waliomo sasa majumbani mwetu, wakirudia kutumia wataiba kwetu kwanza. Kwa la wakfu tulisoma tena maneno ya yule mama aliyeiweka. Asiye na pa kulala ni nani, kama si kijana ambaye kila kitanda anachokijua kina mbinja dirishani?

Suala la yule mama wa mabinti hatukuweza kulijibu kwa ukamilifu. Tulisema kutakuwa na masharti: mlango kufungwa saa tatu za usiku, kutotoka peke yako siku za mwanzo, anayerudia kutumia kuondoka siku hiyo hiyo na kupelekwa kwenye matibabu badala ya kutupwa barabarani, na wazee watatu wa mtaa, yeye akiwa mmoja wao akikubali, kuingia wakati wowote na kukagua. Alisikiliza. Akasema atafikiri. Tunamheshimu kwa hilo kuliko tunavyowaheshimu waliopiga takbiri wakaenda kulala.

Kuna aliyetuuliza faragha kwa nini tunajitia kimbelembele katika jambo lisilo letu, na sisi umri umetupita hamsini, na kazi yetu ni kufundisha. Hatukumjibu pale. Jibu ni lile jamvi karibu na mlango.

Kamati itakutana tena Jumamosi ijayo baada ya isha, katika ukumbi wa madrasa, na wazazi wote mnakaribishwa, wanaokubali na wanaokataa, akina mama kupitia mlango wa nyuma. Fundi amekwisha kulitazama paa na kutuandikia mahitaji yake. Mabati yamepatikana nusu. Popo bado wapo.

Mamake yule kijana alikuja juma lililopita na mkokoteni. Alileta godoro, chandarua kipya bado kimo mfukoni, na kanzu tatu zilizopigwa pasi, akasema ziwe za atakayeingia kwanza. Tumeziweka katika kabati la misahafu, maana stoo ina panya.